Petroli ya Kwenda Ikwiriri

Gari langu la kwanza, ambalo lilikuwa pia la mwisho, lilikuwa gari dogo la Kiingereza lenye rangi ambayo aliyeniuzia aliiita ya maziwa na mama yangu akaiita ya usaha. Nililipata kwa mzee mmoja wa ofisini kwetu Posta aliyekuwa anastaafu na kurudi kwao. Lilikuwa limekwisha kula chumvi nyingi. Mlango wa nyuma wa kushoto haukufunguka kwa ndani, kioo cha dereva kilishuka kilipotaka chenyewe, na asubuhi lilikuwa haliwaki mpaka ulibembeleze. Lakini nililipenda. Viti vyake nilivivika nailoni, nikapiga marufuku kula ndani yake, kulia ndani yake, na kupakata kuku ndani yake. Mke wangu aliniambia siku moja kwamba kama ningemtunza yeye hivyo, angekuwa ameshaota kitambi. Nikamjibu kwamba yeye hana bodi ya kushika kutu. Hakunisemesha siku mbili.

Tulikuwa tunakaa Kariakoo, mimi, mke wangu na mama yangu, kwenye nyumba ya ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Nyuma kulikuwa na ua wenye geti la mabati lililofungukia uchochoroni, na gari lililala humo, kati ya jiko la mkaa na kamba ya nguo. Mke wangu alikuwa fundi cherehani na kazi zake alizifanyia barazani. Mama hakuwa na kazi maalumu ila kutusimamia. Aliamka kabla ya adhana, akalaumu kila kitu kwa zamu, na kufikia saa mbili asubuhi alikuwa amemaliza.

Siku zile petroli ilitoka kwa kibali. Mimi kwa cheo changu, ambacho kilikuwa kidogo kuliko nilivyowaambia majirani, nilipata debe moja kwa mwezi. Na Jumapili, ikishagonga saa nane mchana, magari ya watu binafsi yalitakiwa yawe yamelala mpaka Jumatatu alfajiri. Ukionekana barabarani, utajieleza kwa askari. Hatukunung'unika sana, angalau si kwa sauti. Tulikuwa tunajenga taifa, na mimi nilikuwa nalijenga kwa miguu, maana tangu ile barua ilipofika niliacha kabisa kwenda kazini na gari.

Barua yenyewe ilitoka Ikwiriri, kule Rufiji, kwa mama mkubwa, yaani dada yake mama. Iliandikwa na mjukuu wake kwa kalamu nyekundu, na sehemu kubwa ilikuwa salamu: kwa fulani, kwa mke wa fulani, kwa yule mbuzi kama bado yupo. Neno lenyewe lilikuwa mwishoni. "Macho yangu yanaondoka. Namwona mtu kama moshi. Mwambie mdogo wangu aje niuone uso wake kwa hiki kidogo kilichobaki." Mama alitaka niisome mara tatu. Ya tatu akaniambia niziruke salamu, niende kwenye macho moja kwa moja. Walikuwa hawajaonana miaka tisa.

"Nitakupeleka mwenyewe," nikamwambia. "Na gari. Mlango mpaka mlango."

Mama akaliangalia gari kupitia mlango wa uani, akameza mate. Nikadhani ni furaha.

Mabasi ya kusini yalikuwepo, lakini mama tangu ahamie kwangu alikuwa na kauli moja: "Basi sipandi." Hakuna aliyewahi kumwuliza kwa nini. Mimi niliona ni heshima tu, kwamba mama wa mtu mwenye gari hawezi kubanwa na magunia ya watu. Kwa hiyo nikawauliza madereva wa malori pale sokoni, wakaniambia kwamba kwa barabara ile ya mchanga na mashimo, kwenda na kurudi, nisithubutu kuondoka na chini ya madebe mawili. Hesabu ilikuwa rahisi hata kwangu. Mwezi huu debe, mwezi ujao debe, tunaondoka. Nikamjibu mama mkubwa kwamba waandae kuku, tunakuja na gari. Hilo "na gari" nikalipigia mstari chini, mara mbili.

Mwezi mzima nikatembea kwenda Posta na kurudi, nikikatiza Mnazi Mmoja, mvua ikinyesha viatu mkononi. Gari lilitoka Jumamosi tu, kwenda Feri kununua samaki, kwa sababu samaki lazima aliwe na kwa sababu mtu mwenye gari lazima aonekane nalo walau mara moja kwa wiki. Kutoka kwetu mpaka Feri si safari. Mwisho wa mwezi nikawasha gari, mshale wa petroli ukalala chini kabisa na kukataa kuinuka. Nikagonga kioo chake kwa kidole. Nikakigonga kwa ngumi. Mshale haukujali.

Nikasema mshale umeharibika. Mwenye gari kuukuu siku zote huanza kwa kuamini kwamba kilichoharibika ni kile kidogo.

Nikatengeneza kipimo changu mwenyewe. Nilichomoa chelewa ndefu kuliko zote katika fagio la mke wangu, nikaichonga alama kwa kisu, kila alama lita mbili. Chelewa ni kitu cha maana sana, inajipinda kwenye shingo ya tanki, inashuka mpaka chini, inarudi na habari. Niliihifadhi juu ya mlango, na kila Jumamosi asubuhi kabla ya kwenda Feri nilipima mbele ya mke wangu na mama, nikiwahutubia. Niliwaeleza kwamba gari lina tabia moja tu ya kuijua: maili ngapi kwa lita ngapi. Nikawaonyesha ile namba ya maili kwenye dashibodi. "Petroli," nilisema, "inakwisha kwa maili. Namba hii ikisogea, petroli inashuka. Ndio sayansi yenyewe hiyo." Walinisikiliza kwa adabu ambayo ilipaswa kunitia wasiwasi.

Jumamosi hadi Jumamosi, chelewa ilishuka alama mbili. Lita nne, kwenda Feri na kurudi! Kwa lita nne mtu na akili zake anafika Kibaha, anakunywa chai, na anaanza kurudi. Wiki moja petroli iliongezeka. Nilifurahi kwa muda wa nusu saa, nikamsifu Mungu, halafu nikagundua kwamba mke wangu alikuwa ameifagilia ile chelewa na imekatika chini.

Kama si mshale, basi ni mwizi. Nikanunua kifuniko cha tanki chenye kufuli na ufunguo wake nikauvaa shingoni. Kisha nikaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya mkutano, nikamweleza kwamba mtaani kwake kuna mtu ananyonya petroli ya raia. Aliniandika kwenye daftari. Aliniuliza namshuku nani. Akaniuliza kama nina uhakika kwamba petroli ilikuwepo. Akaahidi kulifuatilia suala hilo kikamilifu, na kweli usoni alionyesha uzito wote unaotakiwa.

Petroli ikaendelea kushuka chini ya kufuli. Basi inavuja, nikasema. Nikatandaza gazeti kuukuu chini ya tanki usiku kucha. Asubuhi nikakuta tone moja, nikalinusa, nikalionja, Mungu anisamehe, na lilikuwa la soksi zangu zilizokuwa kambani.

Ndipo nikampelekea fundi. Fundi wangu alikuwa na kibanda Gerezani, mtu mwembamba wa Kilimanjaro ambaye hakupenda kuongea na wateja, alipenda kuongea na magari. Nilimkuta amelala chini ya lori.

"Linakunywa," nikamwambia.

"Hata mimi nakunywa," akajibu kutoka chini. "Linakunywa kiasi gani?"

Nikamwonyesha chelewa. Akatoka, akaichukua, akaiangalia, akajichokolea nayo meno. Halafu akafungua boneti na kuchomoa plagi zote nne, akazipanga juu ya tambara. Zilikuwa nyeusi tii, zimejaa masizi kama sufuria ya matanga.

"Gari linalotembea, plagi zake zinakuwa rangi ya chai ya maziwa," akasema. "Hizi ni za gari linalokaa muda mrefu linawaka na haliendi."

"Gari langu haliwaki bila kwenda," nikasema kwa ukali. "Likiwaka linaenda Feri."

"Basi hiyo njia ya Feri ina mambo."

Nilichukia. Sikumletea gari ili alitukane. Alisafisha plagi, akafungua kabureta na kuipuliza kwa mdomo mpaka macho yakamtoka, akapima floti, lile boya la ndani yake, akajaza upepo matairi. Akanituma niendeshe mpaka maeneo ya Kamata na kurudi, kisha akashika ringi za magurudumu moja moja kwa kiganja kuona kama kuna breki inayong'ang'ania na kupata moto. Zote zilikuwa baridi. Akaniambia nikajaribu. Nikajaribu mwezi mwingine. Chelewa mpya, alama mbili zile zile, kila wiki.

Mwezi wa tatu ilikuja barua ya pili. Salamu zilikuwa chache, na hilo peke yake lilinitisha. "Ule moshi umezidi. Asubuhi naona kidogo, jioni sioni. Kama gari linasumbua, leteni habari." Mama hakutaka niirudie. Aliikunja akaifunga kwenye pindo la kanga yake, akaingia ndani. Mimi nikatoka mbio kwenda Gerezani, nikamwambia fundi kwamba sasa si gari, sasa ni macho ya mtu, anitafutie jibu siku hiyo hiyo.

"Tulipime kwa chupa," akasema.

Kwa wasiojua, kipimo cha chupa ni hivi. Unalinyima gari tanki lake. Unachukua chupa moja ya bia, nusu lita, unaijaza petroli, unatoa mpira mwembamba kutoka kwenye chupa mpaka kwenye kabureta, kisha unaendesha mpaka chupa ikauke na unahesabu maili. Hapo gari haliwezi kudanganya. Taabu ni kwamba chupa lazima iwe juu ili petroli iteremke, na gari letu halikuwa na mahali pa kuitundika. Kwa hiyo fundi alikaa kiti cha abiria, akatoa mkono wote dirishani, akaiinua chupa juu ya paa na kuishika hivyo.

Hivyo ndivyo tulivyopita katikati ya mji mchana kweupe, siku ya kazi, mimi na shati la ofisini, na mtu aliyejaa grisi akiinua chupa ya bia hewani kama mshindi wa kombe. Karani mwenzangu aliniona pale Posta. Nikamwinamia kwa heshima, maana nilikuwa nimeaga ofisini kwamba naumwa tumbo. Kabla hatujafika Feri, askari wa barabarani akatusimamisha.

"Mnakunywa hadharani, tena mkiendesha?"

"Sinywi mimi, afande," fundi akasema bila kushusha mkono. "Linakunywa gari."

Askari akaufuata ule mpira kwa macho, kutoka chupani mpaka chini ya boneti, akarudi tena chupani. Nafikiri alitafuta sheria ya kutukamatia akaikosa. Akatuambia tuondoke mbele yake haraka.

Tukazunguka Feri, wakaangaji samaki wakatushangilia, tukarudi mjini, na chupa ikakauka Mnazi Mmoja. Maili tatu na nusu. Fundi akashusha mkono, akaukanda kwanza, kisha akaiangalia namba ile mara mbili.

"Kwa chupa hii wengine hawafiki hata nusu ya hapa," akasema. "Gari lako ni zima. Zima kuliko wewe. Ugonjwa hauko kwenye gari, uko mahali linapolala."

"Linapolala kuna mke wangu na mama yangu tu."

"Kikulacho ki nguoni mwako, mzee," akasema, akateremka na chupa yake.

Nilikaa na hasira siku tatu. Nilimchunguza mke wangu akila. Nilimchunguza mama akisali. Na kila nilipofikiri nilirudi pale pale, kwamba siku pekee ambayo sikuwa nyumbani na ufunguo wa gari, ambao siku nyingine hautoki mfukoni mwangu, ukining'inia kwenye msumari kwa kuwa gari lenyewe haliruhusiwi kutoka, ni Jumapili mchana. Jumapili mchana nilikuwa naenda Mnazi Mmoja kucheza drafti, saa saba na nusu mpaka saa kumi na moja, bila kukosa.

Jumapili ile niliaga kama kawaida. Mke wangu akaniambia nisichelewe kurudi, akaniuliza tena nitarudi saa ngapi hasa. Nikaenda kona tu, nikakaa kwa muuza kahawa, nikanywa vikombe vinne. Ilipopita saa nane nikarudi kwa uchochoroni. Kabla sijafika getini nikalisikia. Mtu hawezi kuikosea sauti ya gari lake. Nikavua kiatu kimoja kiwe silaha, nikasukuma geti.

Gari lilikuwa mahali pake, halijasogea hata inchi, limefunguliwa vioo vyote, linanguruma. Mke wangu alikuwa kwenye stelingi. Mama alikuwa kando yake kwenye nailoni, amejifunga kanga mpya ya kutokea, amefumba macho, ndimu iliyokatwa iko puani. Nyuma, amejaa kiti chote, alikuwa balozi wa nyumba kumi na mwavuli wake na kikapu mapajani.

"Mbagala hiyo tumeiacha, mama," mke wangu alikuwa anasema. "Sasa kona. Haya, kona." Akazungusha stelingi, na wote watatu wakalalia kushoto. "Sasa mashimo." Wakaanza kurukaruka, gari likalia springi zake zote. "Na hapa napiga resi, tunapanda kilima."

Nikasimama mbele ya boneti na kiatu changu. Mke wangu akapiga honi kwa nguvu.

"Toka barabarani! Tunawahi Mkuranga!"

Halafu akaona ni mimi.

Alizima injini. Aliyewahi kupata sauti alikuwa balozi.

"Ndugu, sheria inakataza kuendesha," akasema kutoka nyuma. "Hapa hapajaendeshwa kitu. Mimi nimo humu kuhakikisha hilo."

"Wewe nilikuletea kesi ya wizi!"

"Na naifuatilia. Nifungulieni mlango huu, haufunguki kwa ndani."

Hakuna aliyemfungulia. Mama alifumbua macho, akaishusha ndimu.

"Nikwambie, mwanangu," akasema. "Ule mwaka nilipokuja huku, nilitapika kutoka Kibiti mpaka Temeke. Nilikaa na shehe mmoja, mtu wa watu, kanzu nyeupe pee, anakwenda kuozesha. Nilimtapikia kanzu. Akaniambia si kitu, mama. Nikamtapikia tena. Hapo hakusema kitu. Nikaapa sitapanda tena gari mpaka naingia kaburini, na huko nitabebwa na watu."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini, na wewe ulishavalisha viti nailoni? Ulikuwa na furaha. Nikamwambia mkeo anizoeshe."

Mke wangu akaanza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyoona kwamba alikuwa anajivunia. Jumapili ya kwanza walikaa gari likiwa limezimwa. Mama akatapika hata kabla halijawashwa, kwa harufu ya viti tu. Wakasafisha, wakafukiza udi. Kisha, siku ile ile, likawashwa dakika tano. Halafu robo saa, halafu saa nzima. Jumapili ya pili wakaona haitoshi kukaa tu, wakaongeza kona na mashimo. Balozi alikuja siku moja kuuliza kulikoni, akaingia ajaribu, tangu hapo hajakosa. Sasa mama anavuka Mbagala bila ndimu, Mkuranga anafika akiwa na njaa. Wamekubaliana Jumapili ijayo wafike Kibiti, na ile nyingine, Mungu akipenda, Ikwiriri.

"Muda wa saa tatu, kila Jumapili?" nikauliza.

"Tatu na nusu," balozi akasema. "Tunarudi pia."

Lita nne. Nikaketi chini palepale, kiatu mkononi.

"Mmekunywa petroli ya Ikwiriri," nikasema. "Yote. Miezi mitatu."

Mke wangu akanitazama kama mtu anayesingiziwa. "Petroli ipi? Gari halijatoka hapa. Wewe si ulitufundisha, inakwisha kwa maili? Kila tukimaliza tunaangalia ile namba. Haijasogea hata moja. Njoo uone."

Na kweli ilikuwa haijasogea. Sayansi yangu niliyoihubiri Jumamosi kwa Jumamosi ilikuwa imesikilizwa, imeaminiwa na kufuatwa neno kwa neno na wanawake watatu, mmoja wao kiongozi. Nilitaka kukasirika. Nilikuwa nimejiandaa kukasirika tangu Gerezani, nilikuwa na maneno mazuri kabisa ya hasira, yakanipotea. Nikawaeleza, polepole sana, kwamba injini ikiwaka inakunywa, iende isiende.

Mama akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Kwa hiyo ni mimi niliyemnyima dada yangu macho."

Nilijisikia vibaya mno. Nilinyanyuka, nikamfungulia balozi mlango kwa nje, akatoka akaenda zake bila kuaga, na huyo alikuwa mtu wa kuaga mara tatu.

Niliapa mwezi unaofuata petroli yote, kila tone, ni ya safari, na kilichopungua nitakipata hata kwa kupiga magoti. Mwezi uliofuata kibali hakikutoka. Tuliambiwa meli imechelewa. Nikaenda kila ofisi ninayoijua na mbili nisizozijua, nikarudi na debe langu linagonga ngo ngo ngo.

Mama alinikuta nimekaa juu ya hilo debe uani.

"Tunaenda na basi," akasema. "Kesho."

"Basi hupandi."

"Sikuwa napanda. Sasa nimesoma."

"Mama, nimewaandikia kwamba tunakuja na gari. Nimepiga mstari."

"Dada yangu anataka kuniona mimi," akasema. "Gari lako aliangalie la nini?"

Nilibisha siku mbili nyingine, naona haya kulisema, siku mbili nzima ambazo jicho la mtu lilikuwa linazimika na mimi nalinda mstari niliouchora mwenyewe. Siku ya tatu alfajiri mimi na mama tukapanda basi. Mama alichagua kiti, akaweka furushi lake mapajani, na kwenye kila kona alilalia upande unaotakiwa kabla basi halijafika, abiria wakamwona ni mtu wa safari nyingi. Kwenye mashimo aliruka kwa mpangilio. Mkuranga alinunua mhogo akala. Mimi, miaka yote niliyokuwa nikishika stelingi mwenyewe, sikujua kwamba tumbo langu linataka kukaa mbele. Kabla ya Kibiti nilikuwa nimetoa kichwa dirishani na sina tena heshima ya kulinda.

"Ungeanza na dakika tano," mama akaniambia, akinipiga mgongoni. "Kama mimi."

Ikwiriri tulipokewa na binamu zangu wawili. Walichungulia nyuma yetu, wakatazama barabara, wakatazamana. Tulipoacha barabara kuu nilielewa wanachungulia nini. Kutoka pale mpaka kwa mama mkubwa, mahali palipokuwa na kijinjia cha mtu mmoja, walikuwa wamefyeka njia ya gari. Walikuwa wameng'oa visiki, wakafukia mashimo, na mkorosho mmoja uliokuwa unaingia njiani wakaukata matawi upande mmoja. Majani yalikuwa yameota na kufyekwa tena zaidi ya mara moja, ilionekana. Miezi minne walikuwa wanaifyeka. Nilitamani ardhi inimeze, kwa uzuri wa ile njia.

Mimi na binamu zangu tulitembea pembeni, kwenye majani, bila kuambiwa. Mama alitembea katikati kabisa, furushi kichwani.

Mama mkubwa alikuwa ameketi kwenye mkeka nje ya mlango, uso ameuelekeza njiani. Binamu yangu aliniambia chini chini kwamba sasa hata moshi haoni, tangu wiki mbili zilizopita. Alisikia nyayo, akainua kichwa.

"Ndio nyinyi?" akauliza. "Mbona sisikii gari?"

Nilifungua kinywa. Nilitaka kumweleza habari za kibali, na plagi, na kabureta, na meli iliyochelewa, na Jumapili zote zile. Mama alininyooshea mkono ninyamaze. Alisimama pale katikati ya njia yake, akavuta pumzi, akafumba macho, halafu akaanza kunguruma. Alinguruma kwa koo na midomo, chini kwanza, kisha akaongeza resi, gari langu lenyewe hasa, na kile kikohozi chake linapopanda kilima, na ule mluzi ambao fundi hakuwahi kuugundua. Akaja hivyo akinguruma, taratibu, mpaka kwenye ukingo wa mkeka, akapiga honi, akazima.

Mama mkubwa alikuwa ameinua mikono yote miwili na machozi yanamtiririka kwa kicheko.

"Liingizeni kivulini," akasema. "Linasikika limetoka mbali."